Matunda yaliyoibwa Thagaste: namna ya kusoma Maungamo ya Mt. Augustino juu ya zambi

Karibu kila fratri wa Seminari zetu amekwisha kusikia hadisi ya matunda yaliyoibwa usiku. Wengi wameisikia katika mahubiri ya Kwaresima ao katika mafundisho ya katekismu. Wachache wameisoma katika kitabu chenyewe. Kwa hiyo inasemwa mara nyingi, na inasemwa vibaya. Ningaliacha jambo hili kwa waalimu wa historia, kama nisingaliona kwa macho yangu mabaya yanayotoka humo.

Miaka mingi iliyopita mwalimu mmoja wa kijiji, mtu wa sala, alikwenda kuzika mtoto wa siku tatu aliyekufa mbele ya kubatizwa. Pale kaburini, mbele ya mama, alieleza ya kama zambi ni asili ya mtu, na ya kama hata mtoto yule aliibeba; basi hakuna neno jema tunaloweza kusema juu yake. Mama alinyamaza. Nyuma ya siku chache akaja misioni, akaniuliza: «Padri, mtoto wangu alimkosea nani?» Nilikuwa padri kijana. Nikamjibu maneno ya kitabu, akaenda zake. Nilipomwuliza mwalimu alipopata mafundisho yale, akasema: «Kwa Mtakatifu Augustino.»

Basi tumtazame Mt. Augustino mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 354 katika Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, katika inchi ya Aljeria. Alikuwa mtu wa Afrika kama sisi, ijapokuwa Afrika ya kaskazini, na tusisahau ya kama Mapadri Weupe, waliofika kando ya Tanganika mwaka 1879, walianzishwa na Kardinali Lavigerie pale Alger mwaka 1868, katika inchi ileile ya Augustino. Kitabu cha Maungamo alikiandika karibu na mwaka 397, akiwa askofu wa Hippo. Kina vitabu 13 ndani yake. Hadisi ya wizi iko katika kitabu cha pili, nacho ni kifupi kabisa. Fratri anaweza kukisoma katika saa moja ya usomi.

Augustino alikuwa na miaka 16. Alikuwa amerudi nyumbani toka masomo ya Madaura, kwa sababu baba yake Patrisio alikuwa bado anatafuta feza za kumtuma Kartago. Mwaka ule hakuwa na kazi, na kijana asiye na kazi tunamjua sisi sote. Karibu na shamba lao la mizabibu kulikuwa mti wenye matunda. Usiku, yeye na wenzake wakautikisa, wakabeba matunda mengi, wakaonja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Ni hayo tu.

Wafasiri wengine wanayaita matunda yale mapera. Hapo msomaji wetu anaona mara moja mapera ya kwetu, yenye mbegu nyingi, ambayo watoto wanachuma njiani pasipo mtu kuwakemea. Basi anacheka: askofu mzima analia juu ya mapera! Mimi katika darasa nasema hivi: vijana waliingia usiku katika shamba la mjane, wakang'oa mihogo yake isiyokomaa, wakaitupa mtoni, wakarudi wakicheka. Hapo hakuna anayecheka tena.

Augustino hatafuti ukubwa wa wizi, ila sababu yake. Njaa hakuwa nayo. Nyumbani kwao kulikuwa matunda mazuri kuliko yale. Tamaa ya mali hakuwa nayo, wala hakulipiza kisasi. Anamtazama hata Katilina, mtu mkali wa Roma ya zamani, akaona ya kama hata yeye aliua watu juu ya kupata kitu fulani. Lakini yeye Augustino alipenda nini katika wizi ule? Anageuza swali hili mara nyingi. Wasomaji wengine wanachoka, na nakiri ya kama mimi pia nilichoka mara ya kwanza. Kumbe ndipo kitabu kinapokuwa na nguvu. Mtu anayeungama kwa kweli hasemi mara moja «nilikosa kwa sababu hii na hii». Anajichunguza, anapata sababu, anaona haitoshi, anaanza tena. Tunaosikia maungamo tunajua tofauti ya mtu anayesoma hesabu ya zambi zake kama bei za soko na mtu anayeshangaa mbele ya tendo lake mwenyewe.

Mwisho anapata mambo mawili. La kwanza: katika zambi mtu anamwiga Mungu kwa upotovu. Anataka kuwa bwana asiye na sheria juu yake, kwa hiyo anafurahi kufanya yaliyokatazwa kwa sababu tu yamekatazwa. Ndiyo zambi ya Adamu na Eva kabisa, ijapokuwa Augustino hawataji hapo. Wao pia walikuwa katika bustani yenye miti mingi mizuri, na hawakuwa na njaa.

La pili ni hili: kama angalikuwa peke yake, asingaliiba. Anarudia jambo hili zaidi ya mara moja. Urafiki, kitu chema, uligeuka mlango wa uovu: mmoja anasema twende, na mwingine anaona haya kuwa na haya. Mafundisho yetu yanaruka sehemu hii karibu kila mara, na kwangu mimi ni sehemu iliyo ya lazima sana kwa inchi yetu. Tangu vita vilipoanza mwaka 1996, ni vijana wangapi wa Kivu wameingia porini na bunduki, ambao peke yao wasingalichukua hata kuku wa jirani? Hata bila vita: karani anayedai franka mbele ya kutia muhuri atakuambia ya kama wenzake wote wanafanya vile, na akikataa watamwona msaliti. Papa Yoane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1987 juu ya maendeleo ya mataifa, alizungumza juu ya miundo ya zambi inayotoka katika zambi za kila mtu, kiisha inakomaa na kuwavuta wengine. Chini ya mti ule wa Thagaste walikuwa vijana wachache tu, lakini jambo ni lile lile.

Hayo ni mema ya kitabu. Sasa nafika pahali ambapo siwezi kumfuata Augustino katika yote, na Eklezya pia haikumfuata katika yote.

Katika kitabu cha kwanza anasimulia ya kama alimwona mtoto mchanga, asiyejua bado kusema, akigeuka rangi kwa wivu alipomwona mwenzake akinyonya. Anatoa humo alama ya ubaya uliomo ndani ya mtu tangu mwanzo. Kina mama wanaosoma jambo hili watacheka, na wana haki. Mtoto anayelilia ziwa anaogopa njaa. Hajui sheria wala kuivunja. Augustino mwenyewe alikuwa anafundisha ya kama zambi inatoka katika utashi. Basi utashi wa mtoto wa siku chache uko wapi? Hapo aliyatia macho ya mtu mzima katika uso wa mtoto. Tena katika uzee wake, aliposhindana na wafuasi wa Pelagio, alizidi kuwa mkali. Pelagio alisema Adamu alituharibu kwa mfano mbaya tu, na ya kama mtu anaweza kushika amri kwa nguvu zake. Augustino aliona vizuri ya kama fundisho hili linaufanya msalaba wa Yezu Kristu kuwa bure. Lakini alifika kusema ya kama watoto waliokufa bila ubatizo wanapata azabu, ijapokuwa azabu nyepesi kuliko zote. Mt. Toma wa Akwino alilegeza neno hili, akasema hawana maumivu. Hata limbo haikuwekwa kamwe kuwa fundisho la imani.

Kuna tena jambo la luga. Augustino alisoma barua ya Mt. Paulo kwa Waroma katika Kilatini. Katika sura ya 5, msitari wa 12, Kilatini kinasema «in quo», naye akafahamu: katika Adamu watu wote walifanya zambi, kama vile wote walikuwamo kiunoni mwake. Kigriki cha Paulo ni kingine; wataalamu wengi wanakifasiri «kwa sababu wote wamefanya zambi». Wengine wanaogopa kusikia hivi, wanazani fundisho la zambi ya asili linaanguka. Haliangukii hapo. Paulo anashindanisha Adamu na Kristu katika sehemu yote ile, mpaka mwisho wa sura, na nguvu ya fundisho iko katika mashindano hayo, si katika neno moja dogo. Konsili ya Trento iliposema juu ya zambi ya asili mwaka 1546, ilishika ya kama sote tunazaliwa bila utakatifu ule Mungu aliomtolea Adamu, na ya kama ubatizo unaiondoa zambi kabisa. Tamaa mbaya inabaki ndani ya mbatizwa kusudi apigane nayo, lakini yenyewe si zambi kwa kweli. Haikusema ya kama mtoto ametenda uovu. Na katekismu iliyotolewa mwaka 1992 inaeleza wazi: kwa mtoto wa Adamu, zambi ya asili ni hali aliyoipokea, si tendo alilolifanya. Inaitwa zambi kwa mfano.

Narudi sasa kwa mwalimu wetu. Nazani hakukosea sana juu ya Augustino; alikosea juu ya Kiswahili. Tunasema «zambi ya asili», na neno asili katika luga yetu linabeba mizigo miwili. Ni mwanzo, chimbuko, kama tukisema asili ya ukoo. Ni tena tabia ya kitu jinsi kilivyo, kama tukisema asili ya nyoka ni kuuma. Mababu zetu katika imani walipochagua neno hili walikuwa wanafikiri juu ya maana ya kwanza. Lakini mtu wa kijijini anasikia ya pili. Mwalimu akigeuza maneno na kusema «zambi ni asili ya mtu», amekwisha kumwambia Mungu ya kama aliumba nyoka. Nasikitika kusema ya kama nimeona kosa hili hata katika kartasi za mitihani ya fratri.

Na tazama ajabu! Kitabu cha Maungamo kiliandikwa juu ya kupinga kosa lilelile. Muda wa miaka karibu 9 Augustino alikaa na Wamanikeo, waliosema ya kama uovu ni kitu chenye nguvu zake, kimechanganyika na mwili wa mtu. Fundisho hili lilimpendeza, kwa sababu alipokosa aliweza kusema si mimi niliyekosa, ni kile kilicho ndani yangu. Katika kitabu cha saba anasimulia jinsi alivyoachana nalo: kila kilichoumbwa ni chema, na uovu ni upungufu wa wema, kama kidonda ni upungufu wa afya. Ondoa mwili, na kidonda hakipo. Mgonjwa mwenye kidonda bado ni mtu, na tunamwita mganga kwa sababu ni mtu. Basi mwalimu anayesema kwa jina la Augustino ya kama mtu kwa asili ni mwovu amemrudisha Augustino kwa Wamanikeo.

Tusizani tena ya kama hatari hii ni ya vitabu tu. Watu wetu wakipata kifo nyumbani wanatafuta mara moja nani aliyeloga. Kwao ubaya ni kitu kilichomo tumboni mwa mtu fulani, mara nyingi mama mzee ao mtoto yatima, na wanaona wakimfukuza yule, ubaya umetoka. Kama sisi nasi tunafundisha ya kama zambi ni kitu kilichopandwa katika asili, tunamtegemeza mwaguzi. Imani inafundisha kinyume: kidonda ni cha wote, hata cha mwaguzi na cha padri, na mganga ni mmoja.

Mimi katika kufundisha nimeacha kusema «zambi ya asili» bila kueleza mara moja: «zambi ya mwanzo, iliyotuachia kidonda». Mapadri wengine hawapendi, wanasema natia maneno mapya. Na waalimu wazee wana haki ya kushika maneno waliyojifunza kwa kichwa, sitaki kuwanyang'anya. Ila wasiyageuze.

Juu ya mtoto yule wa siku tatu, nilichelewa. Mwaka 2007 tume ya teolojia ya Roma ilitoa maandiko marefu juu ya watoto wanaokufa bila ubatizo, ikasema ya kama tuna sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Lakini tangu mwaka 1969 kitabu cha maziko kilikuwa na sala kwa ajili ya watoto kama yule, nami nilikuwa nacho katika sakristia siku ile mama aliponiuliza swali lake, na sikukifungua. Nilipopita tena kijijini kwake, nilimwomba anipeleke kaburini. Akaniongoza katika majani, pasipo kusema neno. Hakuna msalaba pale, ni mawe matatu tu, na yeye ndiye anayeyajua. Nikasoma sala ile polepole, kwa Kiswahili. Akaniomba niisome mara ya pili.