Sauti ya Mzee Simeoni: Stanford na Wimbo wa Jioni

Mwaka 1879 Charles Villiers Stanford, mpiga kinanda wa Trinity College, Cambridge, aliutungia muziki wimbo wa Simeoni (Luka 2:29-32), uimbwao katika sala ya jioni ya Kianglikana. Maneno ya mzee huyu ameyafungua kwa sauti za wanaume. Kwaya nzima huitikia katika sifa za Utatu. Huu ni ufafanuzi wa matini wala si pambo: msemaji ana umri na nafsi yake. Aidha, noti zake zafuata mkazo wa Kiingereza. Kwa hiyo mfasiri apachikaye Kiswahili, ambacho mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, juu ya lahani ile ile, huhifadhi muziki na kuliua neno. Heri lahani itungwe upya.