Mgeni wa chaki na mwenyeji wake

Mwalimu wa ajira mpya akiripoti shuleni, iwe Miembeni mjini Bukoba au kule Muleba kandokando ya ziwa, hulakiwa na mawaidha ofisini: maliza azimio la kazi mapema, usichelewe zamu, usicheke na watoto hadi wakuzoee. Anaitikia yote. Jumatatu anakuta darasa limejaa hadi mlangoni, na hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomwambia aanzie wapi.

Kulikuwa na mpango mmoja uliolipatia jambo hili ufumbuzi, ingawa uliletwa na dhiki tu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki: asubuhi wakifundisha, alasiri wakifundishwa. Masomo yaliwafikia kwa posta na kwa redio, waratibu elimu kata wakawasimamia, na baada ya miaka mitatu hivi wakapitia chuoni kwa wiki chache. Waliofuzu kwa njia hiyo walizidi 35,000.

Walimu hao wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walitaniwa sana, na utani mwingine walistahili. Aliyeishia darasa la saba akikwama kwenye sehemu za hesabu, angechota wapi? Lakini tazama mpangilio wenyewe. Swali lililomtoa jasho saa nne asubuhi aliweza kulipeleka kwa mkufunzi alasiri ileile, likiwa bado bichi. Mhitimu wa leo hufanya mazoezi ya kufundisha akiwa chuoni, akakaguliwa, akapata alama; akiajiriwa anabaki peke yake.

Mwalimu mkongwe anayejua kulea mgeni kama huyo huketi dawati la nyuma, na ubao hauangalii sana. Anaangalia madaftari. Mgeni akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima linaitika, "Ndiyo, mwalimu!" Huku nyuma, mtoto ameandika 42 kutoa 17 ni 35, kwa kuwa ametoa 2 kwenye 7. Baada ya kipindi mkongwe anamwonyesha daftari hilo na kumwambia: kesho usiulize kama wameelewa, wape hesabu moja kisha upite kati ya madawati. Ushauri huo una ushahidi mkononi, ndiyo maana haupotei.

Mengine anayomweleza ni ya mahali, na chuoni hayafundishwi. Mtoto wa kijijini anayeanza shule na Kihaya chake anaweza kunyamaza bila kuwa mzito wa akili. Senene wakianguka Novemba, anayesinzia saa mbili asubuhi pengine alikesha kuwaokota, fimbo haitamwamsha.

Sasa kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo yanawakutanisha walimu shuleni katika jumuiya za ujifunzaji. Wazo ni zuri. Hofu yangu ni vikao kugeuka mahudhurio na muhtasari, huku hakuna aliyeingia darasani kwa mwenzake. Katika shule yenye walimu wachache, mkongwe na mgeni wote wana vipindi saa ileile. Kwa hiyo kazi inaanzia kwa mwalimu wa taaluma: anapopanga ratiba ya muhula, kabla ya kugawa vipindi, amwachie mkongwe dakika 40 kila wiki wakati mgeni anafundisha, na dakika nyingine chache wawili hao wakutane siku hiyohiyo.