Castells na Mlango wa Shilingi 200

Katika juzuu ya tatu ya kazi yake kuhusu zama za habari, iliyotoka mwaka 1998, Manuel Castells anaiweka sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara katika kile anachokiita Dunia ya Nne, yaani mahali ambapo mitandao ya mtaji na habari hupita kando. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati simu ya mkononi ilipokuwa mali ya wachache. Udhaifu wake ni kumwona mtu ama yumo mtandaoni ama hayumo.

Uganda inautatiza mgawanyo huo. Kuanzia Julai 2018, aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alitozwa shilingi 200 kwa siku, zilizolipwa kwa simu. Miezi michache kabla, Rais Museveni alikuwa ameandika kulalamikia olugambo, yaani umbeya, wa mitandaoni. Mchuuzi aliyelipa Jumatatu akakosa Jumanne hakuwa nje wala ndani. Uanachama wake katika jamii hiyo ya mtandao ulihesabiwa kwa siku. Wengine waliikwepa kodi kwa VPN, ambayo nayo hula bando.

Castells anaijua dola inayoyumbishwa na mitandao, na juzuu yake ya pili inalieleza hilo vizuri. Asichokitazamia ni dola inayosimama mlangoni ikikusanya sarafu. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Mnunuzi haoni tena mlango, wala hana siku ya kuamua kutolipa.