Eliot na Kijiji cha Wazee Wake

Mwaka 1937 mshairi T. S. Eliot alizuru East Coker, kijiji kidogo cha Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Yeye alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1888, na uraia wa Uingereza aliupata mwaka 1927. Lakini ndimo kijijini humo alimotoka Andrew Eliot, babu wa ukoo, aliyehamia Massachusetts katika karne ya 17. Ziara hiyo ilizaa utungo wenye jina la kijiji chenyewe, uliochapishwa mwaka 1940, vita vikiwa vimekwisha kuanza.

Msomaji atarajiaye sifa za nasaba atatoka mikono mitupu. Utungo una sehemu tano, na hakuna hata moja imtajayo Andrew kwa jina. Yaonekanayo ni nyumba zinazojengwa na kuporomoka, na wanakijiji wa kale wakicheza usiku kuuzunguka moto, ilhali wamekwisha kuwa udongo zamani. Hapo Eliot ameingiza maneno ya Sir Thomas Elyot, mwandishi wa karne ya 16, kwa tahajia yake ya kale. Hila hiyo ina hatari ya kugeuka majigambo ya ukoo. Kinachomwokoa mshairi ni kwamba wachezaji wake ni wakulima, si mabwana.

Wapenzi wa Al-Inkishafi hawatakuwa wageni hapa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliusemesha moyo wake juu ya magofu ya Pate. Eliot naye aisemesha nafsi yake. Ila yule wa Pate aushika ubeti wake kwa yakini. Huyu atunga kipande cha kuimbika, kisha papo hapo akikosoe kuwa ni mtindo uliochakaa. Atilia shaka hata hekima ya wazee, na kulisema hilo katika kijiji cha wazee wake si jambo jepesi.

Eliot alifariki Januari 1965, na majivu yake yakazikwa katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli kijijini humo. Kibao cha ukumbusho kina maneno ya mwanzo na ya mwisho ya utungo, na ni rahisi mgeni kuyasoma kama kisa cha mtu aliyerudi kwao akatulia. Lakini kabla ya utungo kwisha, wazee wanatakiwa wasitulie, bali waendelee kusafiri. Anayetaka kujua Eliot aliona nini East Coker, na asome yaliyo baina ya maneno hayo mawili ya kibaoni.