Nimeiona Seli Ikiwa Hai!

Nimeiona! Jumamosi usiku, saa tatu kasoro, kwenye meza ya jikoni, kati ya ubao wa kukatia mboga na chupa ya chai, nimeiona seli ikiwa hai, na tangu hapo sijatulia. Usiku huohuo niliwapigia simu ndugu zangu watatu. Leo ni Jumatatu na bado nasimulia kwa kila anayenisalimia, basi na wewe msomaji kaa kitako, nikusimulie.

Seli naijua tangu sekondari, au nilidhani naijua. Niliichora kwa penseli mara nyingi: duara, duara jingine dogo ndani yake, mistari, majina pembeni, alama kumi. Hadubini ya shule yetu ilikaa kwenye kabati la vioo lenye kufuli, na nilimaliza kidato cha nne bila kuliona kufuli lile likifunguliwa. Kwa miaka yote hiyo seli kwangu ilikuwa mchoro, kitu kilichotulia tuli juu ya karatasi. Sikujua kwamba inatiririka, inasinyaa, inavimba, inapambana na chumvi mbele ya macho yako!

Kifaa chenyewe hakina makuu. Ni hadubini ya mwanga ya mtumba, ina taa ndogo chini, lenzi ya juu inayokuza mara 10 na lenzi tatu za chini, kubwa kabisa ikiwa ya mara 40. Zidisha, unapata mara 400. Inatosha. Inatosha na kubaki!

Nilianza na kitunguu, kitunguu chekundu hikihiki cha sokoni. Ukikivunja pande lake taratibu kuelekea nyuma, upande wa nje huachia kigozi chembamba cha zambarau, laini kuliko karatasi ya sigara. Nilikivuta kwa kibanio cha nyusi, nikakilaza kwenye kioo juu ya tone la maji, nikakifunika, nikainama. Ukungu. Nikazungusha skrubu kidogo. Ukungu tena. Nikazungusha kidogo tu, kwa ncha ya kidole, na jamani, ukuta mzima wa matofali ya zambarau ukajitokeza! Safu kwa safu, yamepangwa kama fundi amepita na uzi, kila tofali likiwa limejaa rangi mpaka kwenye kona.

Mwaka 1665, huko Uingereza, Robert Hooke aliangalia kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akaona vyumba kama hivi, na ni yeye aliyevipa jina ambalo sisi leo tunaliita seli. Lakini gome la Hooke lilikuwa limekufa, vyumba vyake vitupu. Vya kwangu vilikuwa vimejaa! Ile rangi imo ndani ya vakuoli, mfuko mkubwa wa maji unaochukua karibu nafasi yote ya seli ya kitunguu na kusukumia vingine vyote pembeni. Mfuko huo ndio unaoibana seli kwa ndani, kama upepo ndani ya tairi, na ndiyo sababu kitunguu kibichi kinalia kachu ukikitafuna.

Sasa hapa ndipo penyewe. Nilikoroga kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu glasi ya maji. Nikadondosha tone moja ukingoni mwa kifuniko, upande wa pili nikagusisha kipande cha tishu ili maji safi yanyonywe na ya chumvi yaingie. Nikarudisha jicho. Kwa muda hakuna kitu. Halafu kwenye kona ya seli moja, rangi ikaachana na ukuta. Kidogo. Ikaachana zaidi. Jirani yake naye. Kisha zote, mtaa mzima, ile zambarau ikajikunja na kurudi katikati, ikawa mpira mdogo uliokolea rangi, na kuta zikabaki zimesimama palepale zikizunguka nafasi tupu. Niliona maji yakitoka ndani ya seli! Si kwa kusoma, kwa jicho langu!

Nikamwita mama yangu, ambaye yuko nasi tangu mwezi uliopita. Akaweka miwani juu ya paji la uso, akainama, akanyamaza muda mrefu.

"Mwanangu," akasema bila kuondoa jicho, "hii si kachumbari?"

Ndiyo, Mama! Ni kachumbari! Maisha yake yote amekuwa akivifikicha vitunguu kwa chumvi, vinalegea, vinatoa maji, anavikamua na kuviosha kabla ya kuchanganya na nyanya. Maji anayoyakamua ndiyo haya. Chumvi inapenya ukuta wa seli bila shida, kwa kuwa ukuta ule ni selulosi yenye matundu, lakini ikifika kwenye utando ulio ndani yake inakwama. Maji yenyewe hayakwami, yanatoka kwenda kuliko na chumvi nyingi. Mama amekuwa akifanya jaribio hili kwa mikono mitupu tangu kabla sijazaliwa.

Lakini subiri. Niliosha kigozi kilekile kwa maji safi, tone baada ya tone, nikangoja. Dakika chache baadaye ile mipira ya zambarau ikaanza kutanuka, ikasogea, ikagusa kuta zake tena! Seli zimekunywa! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa naangalia kitu kilicho hai. Chukua kigozi kingine ukichovye kwenye maji yanayochemka, utaona rangi inavuja na kusambaa ovyo, na hutairudisha kwa maji wala kwa chumvi, kwa sababu utando umeharibika. Uhai wa seli ile ulikuwa umeshikiliwa na utando huo.

Na utando wenyewe ni nini? Ni safu mbili za mafuta zilizogeuziana migongo. Ni mwembamba mno: ungehitaji kupanga tando 10,000 hivi ndipo ufikie unene wa karatasi moja ya daftari. Lakini unachagua nani aingie na nani abaki nje. Maji hupenya kidogo kwenye mafuta hayo, ila kwa sehemu kubwa yana milango yao maalumu, protini zenye tundu jembamba kiasi kwamba molekuli za maji hupita mojamoja kwenye mstari, na bado mlango mmoja hupitisha mabilioni kwa sekunde. Mmarekani Peter Agre ndiye aliyeigundua milango hiyo, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Mwaka 2003, hivi juzi tu! Watu walikuwa wamekwishatua mwezini kabla hawajajua maji yanapita wapi kuingia kwenye seli.

Binti yangu ndiye aliyeleta jani. Tuna tangi dogo la samaki wa mapambo, na ndani yake kuna mmea wa elodea, ambao jani lake lina unene wa safu mbili tu za seli. Huhitaji kisu wala rangi, unachuma jani na kuliweka. Vyumba tena, lakini safari hii vya kung'aa, na ndani ya kila chumba vidonge vya kijani vimejipanga kando ya ukuta. Kloroplasti! Nilizichora miaka yote ile kama maharage. Zimetulia tu. Tukaziangalia, taa ikawa inalipasha jani joto taratibu.

"Mama, zinatembea!"

Sikumwamini. Nikaangalia. Zinatembea! Kloroplasti zinazunguka kandokando ya seli, moja nyuma ya nyingine, kama magari kwenye mzunguko wa barabara, zinafika kona, zinakata kona, zinaendelea. Kila chumba na msafara wake. Ni sitoplazimu nzima inayotiririka, ule uji ninaoukumbuka daftarini kama nuktanukta za penseli, ikiburutwa na protini zinazotembea juu ya nyuzi nyembamba zilizotandazwa ndani ya seli. Zinatembea hatua kwa hatua na kila hatua inalipiwa nishati. Nilishika meza. Huko kwenye vidonge hivyo ndiko mwanga unakonaswa, maji na hewa ya kaboni vikageuzwa sukari, na oksijeni ikatolewa. Mahindi, mpunga, ndizi, miti ya msituni, vyote vinaendeshwa na kazi hii niliyokuwa nikiitazama kwenye jani la tangi la samaki.

Vingine hadubini ya mwanga haikuonyeshi. Mjerumani Ernst Abbe alieleza tangu mwaka 1873 kwamba mwanga una kikomo chake, na chini ya sehemu 2 hivi za elfu kumi za milimita mambo huungana kuwa ukungu. Lakini kuna kimoja siwezi kukiacha, kwa kuwa tangu nilipokisoma sipati usingizi. Nani analipia hatua zile?

Ndani ya seli za jani lile, na ndani ya zetu pia, kuna mitokondria, na ndani ya tando zake kuna mashine inayozunguka. Inazunguka kweli, ina shafti! Protoni hurundikwa upande mmoja wa utando kama maji nyuma ya bwawa, kisha hupewa njia moja ya kurudi, na katika kurudi huko huizungusha mashine, sawasawa na maji yanavyozungusha mitambo ya umeme ya Kidatu. Kila mzunguko mmoja hutengeneza molekuli tatu za ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumika kwa kila kazi ndani ya seli. Mwaka 1997 watafiti wa Japani waliifunga mashine moja kwenye kioo, wakaipachika uzi unaong'aa kama bendera, na wakauona uzi ukizunguka chini ya hadubini. Ukisoma mstari huu, mashine hizo zinazunguka kwenye jicho lako.

Tena mitokondria zina DNA yao wenyewe, kwa sababu zamani sana zilikuwa bakteria huru waliomezwa na seli nyingine, wakabaki humo. Lynn Margulis alipoitetea hoja hiyo mwaka 1967 wengi waliikataa, na leo imo kwenye vitabu vya shule. Mtoto huzirithi kwa mama yake. Basi fikiria meza yetu usiku ule: mama yangu, mimi, na binti yangu, tumeinamia kioo kimoja, na mitokondria zinazotuendesha ni ukoo mmoja, kutoka kwa bibi mzaa mama hadi kwa mtoto huyu wa miaka kumi na moja!

Kabla ya kulala binti yangu alikwangua ndani ya shavu kwa kijiti cha meno, tukaongeza tone la rangi ya buluu. Seli zikajitokeza bapa, zimekunjamana kidogo, kila moja na kiini chake cha buluu iliyokolea katikati. Kinukta! Ndani ya kinukta kile mna DNA ambayo ukiinyoosha yote inafika mita mbili, ndefu kunishinda mimi, yenye herufi kama bilioni 6.

Nilipomweleza hivyo aliuliza swali lililonifunga kinywa. "Sasa binamu yangu, yeye herufi gani imekosewa?"

Mtoto wa dada yangu ana selimundu. Herufi ni moja. Kwenye maelekezo ya kutengeneza himoglobini, mahali pamoja palipopaswa kuwa na A pana T, na mtoto aliyeirithi hivyo kwa baba na kwa mama, himoglobini yake ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ndefu ngumu. Seli nyekundu, ambayo kwa kawaida ni bapa na laini na hupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, hujipinda kama mundu na kukwama. Pale inapokwama ndipo maumivu yanapoanza. Ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mundu haifiki hata mwezi. Kwa nini herufi hiyo imeenea kwetu? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Imebaki kwenye damu zetu kwa sababu iliwaokoa watu. Nimemuuguza mtoto huyo hospitalini usiku mwingi, nikilitaja neno selimundu bila kuisikia seli iliyomo ndani yake. Sasa naisikia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: sijawahi kuangalia kitu kilichonipa zaidi kwa gharama ndogo namna hii. Sinema haijanipa hivi, wala safari.

Walimu wangu, nawaomba. Kama kuna hadubini kabatini, itoeni wiki hii, msisubiri mtihani. Kitunguu chekundu kimoja kinatosha darasa zima. Chumvi kijiko kimoja cha chai, maji nusu glasi, na maji safi ya kurudishia uhai mwishoni. Mwacheni kila mtoto aangalie mpaka atosheke.