Sarufi ya Mwendo Juu ya Pont des Arts

Sherehe ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, iliyofanyika tarehe 26 Julai 2024, ni matini ndefu, pengine ndefu kupita kiasi: kilomita sita za mto Seine na maonyesho kumi na mawili. Mwongozaji wake, Thomas Jolly, aliyaita maonyesho hayo kwa majina yanayoishia kwa silabi moja, *té*. Anayezijua tenzi zetu atatambua mara moja kazi ya silabi hiyo: ni kina cha bahari, kile kinachoufunga kila ubeti na kuutangaza kuwa mwana wa utungo ule ule uliowazaa wenzake. Kwa hiyo *Égalité*, yaani usawa, haikuja peke yake kama kauli ya kisiasa iliyochomekwa. Ilikuja kama ubeti unaodaiwa kina. Ndani ya ubeti huo ndimo alimowekwa Aya Nakamura, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Mwimbaji huyu alizaliwa Bamako mwaka 1995 na kukulia Aulnay-sous-Bois, kitongoji cha kaskazini mwa Paris. Habari zilipovuma mapema mwaka 2024 kwamba huenda angeimba wimbo wa mwimbaji Édith Piaf mbele ya dunia nzima, Ufaransa iligawanyika. Kundi dogo la mrengo wa kulia uliokithiri lilitundika bango kando ya Seine, likageuza kwa kejeli maneno ya wimbo wake "Djadja" na kumwambia kuwa hapa ni Paris, si soko la Bamako. Waendesha mashtaka wakafungua uchunguzi. Mjadala uliofuata, kwa watetezi na wapinzani sawia, ulikuwa mjadala wa kuhesabu: weusi wangapi, weupe wangapi, nani anamwakilisha nani. Jambo hilo lina kinaya chake katika nchi ambayo sheria yake ya 1978 inabana sana ukusanyaji wa takwimu za asili ya watu. Lakini kuhesabu ni usomaji wa nomino tu. Sherehe, kama sentensi, hufanya kazi yake kubwa katika vitenzi, na zaidi katika upatanisho.

Tuanze na mahali. Pont des Arts ni daraja la waendao kwa miguu, lenye Louvre upande mmoja na, upande wa pili, Institut de France, jengo lenye kuba ambamo hukutana Académie française, chombo kilichoasisiwa mwaka 1635 kuilinda lugha ya Kifaransa. Mwafrika wa kwanza kupata kiti humo ni Léopold Sédar Senghor, aliyechaguliwa mwaka 1983, bingwa wa Kifaransa kilichonyooka kuliko cha Wafaransa wengi. Aya Nakamura alishutumiwa kwa kosa lililo kinyume kabisa: eti Kifaransa chake kimevunjika, kimejaa misimu ya vitongojini na maneno ya kuokoteza. (Msomaji wa Nairobi, aliyewahi kusikia Sheng ikilaumiwa kwa maneno hayo hayo, hahitaji maelezo zaidi.) Mtunzi mvivu angemsimamisha mbele ya mlango wa Institut akiukabili, kama mwombaji au kama mvamizi. Hapa alitokea upande wa kuba, amevaa dhahabu tupu, jengo likiwa mgongoni pake. Tofauti ya kubisha hodi na kutoka nje ni tofauti ya mgeni na mwenyeji, na ilielezwa kwa mwelekeo wa nyayo peke yake.

Kisha wakaja walinzi. Bendi ya Garde républicaine, kikosi cha gwaride la taifa, iliungana naye darajani ikiwa katika sare zake rasmi. Katika Kiswahili tunajua kwamba maneno mawili yakikaa pamoja hayakai hivi hivi: moja hutawala, jingine huvaa kiambishi chake. Kiti hakisemi "mzuri". Kizuri ndicho kinachokitii kiti. Swali la kiuhakiki, basi, ni hili: katika kirai hiki kipya, nani nomino na nani kivumishi? Ingekuwa rahisi, na pengine salama zaidi kisiasa, kumfanya msichana wa Aulnay ajifunze hatua za gwaride. Ikawa kinyume. Ngoma na tarumbeta za kijeshi zilivaa mapigo ya "Djadja", na wanajeshi, ambao mafunzo yao yote ni kunyoosha migongo, wakaanza kuyumba taratibu kiunoni. Sare haikuvuliwa wala kudhihakiwa. Ilipatanishwa tu. Sarufi hii ya mwendo ina nguvu kuliko hotuba yoyote ya uwakilishi, kwa kuwa haikudai kwamba dola imempa nafasi; ilionyesha dola ikichukua kiambishi chake.

Uteuzi wa wimbo nao unastahili kuangaliwa kwa makini. Piaf, aliyetabiriwa na kila mtu, hakuimbwa na Aya. Mahali pake pakaingia, katikati ya mseto wa nyimbo zake mwenyewe, kionjo cha "For me formidable" ya Charles Aznavour, aliyezaliwa Paris mwaka 1924 kwa wazazi Waarmenia: mtoto wa wahamiaji, na wimbo unaochanganya Kiingereza na Kifaransa waziwazi hata katika jina lake. Kwa hiyo kosa analoshtakiwa Aya lilikwisha kutendwa na mtu ambaye Ufaransa ilimzika kwa heshima za kitaifa. Wenye taarabu wanaijua mbinu hii. Anayerushiwa kijembe hamtaji mrushaji. Huchagua wimbo, akauacha ufike wenyewe. Wenye bango walikuwa wameiba maneno ya "Djadja" ili kumfukuza. Jibu lilikuwa kuyarudisha maneno hayo kwa mwenyewe, safari hii yakisindikizwa na tarumbeta za Jamhuri.

Sidai kwamba matini nzima inafikia kiwango hiki. Baadaye, katika onyesho la *Sororité*, yaani udada, Axelle Saint-Cirel, mwimbaji wa opera mwenye asili ya Guadeloupe, aliimba wimbo wa taifa juu ya paa la Grand Palais akiwa na bendera mkononi, huku sanamu kumi za dhahabu za wanawake wa historia, akiwamo Paulette Nardal wa Martinique, zikiinuka kandokando ya mto. Sauti yake ni ya kiwango cha juu, na taswira ilipendeza. Hata hivyo hicho ni kirai chenye nomino pekee: mwanamke mweusi kapewa kimo, kapewa bendera, kapewa wimbo mtukufu kuliko nyimbo zote za nchi yake, lakini hakupewa mtu wa kupatana naye. Amefanywa sanamu ya kumi na moja. Wahesabuji wataandika kwamba maonyesho haya mawili ni sawa, mmoja hapa na mmoja pale. Kwa usomaji wangu la darajani limelizidi mbali la paani, kwa sababu kule juu ya paa hakuna aliyelazimika kubadili hata hatua moja.