Sikukuu Ndani ya Kioo cha Simu

Chombo kipya kimeingia shuleni. Walimu wa Marekani hasa wanakitumia kwa kuwaonyesha watoto sikukuu za mataifa na dini mbalimbali. Wengine wanakisifu mno, wengine wanakicheka. Inafaa tukipime kwa haki, maana kinagusa jambo kubwa: namna mtoto anavyojifunza kumheshimu jirani yake.

Jina lake ni uhalisia ulioongezwa. Kazi yake ni hivi: mtoto anaelekeza jicho la simu ao la tableti juu ya meza. Mashini inatambua meza ile, ao alama iliyochorwa, kisha inachora kitu juu yake. Ndani ya kioo mtoto anaona meza yake ya kila siku, na juu yake kinara kinachowaka. Akizunguka, anakiona upande wa nyuma. Akiweka simu chini, hakuna kitu. Jina hilo lilitoka kwa mafundi wa kampuni ya ndege Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walitaka kuwaonyesha wafanyakazi mahali pa kupitisha nyaya za umeme. Mwaka 2016 mchezo wa Pokémon Go ulikieneza po pote. Mwaka 2017 kikatokea kibweta chepesi cha pande sita, Merge Cube, ambacho mtoto anakishika mkononi, na katika kioo kinageuka kuwa dunia, moyo wa mtu ao nyumba.

Mwezi wa Desemba ukifika, shule nyingi za msingi za Marekani zina somo la sikukuu za dunia. Basi kibweta kinafaa sana: upande mmoja Noeli, mwingine Hanukkah ya Wayahudi, mwingine Diwali ya Wahindu, mwingine Posadas za Meksiko, mwingine Mtakatifu Lusia wa Uswidi, na wa sita Kwanzaa ya Wamarekani Weusi.

Je, ni kazi njema? Tuanze na sifa, maana zipo. Mtu ana macho, na anapenda kujifunza kwa macho. Mwaka 1223, kule Greccio katika Italia, Mtakatifu Fransisko alitengeneza hori lenye nyasi, akaleta ng’ombe na punda, kusudi watu waone kwa macho umaskini wa Mtoto wa Betlehemu. Hakuna aliyemwambia kwamba maneno ya Injili yanatosha. Tena, programu nyingine zinamruhusu mtoto mwenyewe kutunga picha na kuweka sauti yake ndani. Mtoto anayetunga anauliza, na anayeuliza anajifunza.

Lakini kasoro nazo zipo, na si ndogo.

Ya kwanza: picha haina tarehe wala sababu. Tuchukue Kwanzaa, maana maneno yake ni ya lugha yetu: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mtoto akiona mkeka, kinara na mishumaa saba, na akisikia Kiswahili, atadhani ni sikukuu ya kale ya Afrika. Sivyo. Sisi wenye lugha hatukuipokea kwa mababu. Aliianzisha Maulana Karenga katika California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya fujo kubwa za Watts, mtaa wa Los Angeles, kusudi watu walionyang’anywa lugha na ukoo kwa utumwa wapate siku zao, tangu tarehe 26 Desemba hata 1 Januari. Habari hiyo inaipa sikukuu heshima kuliko mishumaa inayong’aa. Kibweta kisipoisema, kimeonyesha kitu na kuficha watu.

Ya pili: pande zote sita ni sawasawa, lakini sikukuu si sawasawa. Diwali huanguka Oktoba ao Novemba. Hanukkah si sikukuu iliyo kubwa kuliko zote za Wayahudi. Pasaka yao na Siku ya Malipizi zina uzito zaidi. Kwa kuwa iko karibu na Noeli, inavikwa nguo ya Noeli. Hapo hatumjui jirani. Tunajitazama wenyewe katika kioo.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa: sikukuu ni tendo. Katika Posadas, tangu tarehe 16 hata 24 Desemba, watu wanatembea usiku na sanamu za Maria na Yosefu, ao watoto waliovaa kama wao. Wanabisha mlangoni na kuomba mahali pa kulala kwa wimbo, wanakataliwa, wanaendelea, mwishoni mlango unafunguliwa, na watu wote wanakula pamoja. Picha ya piñata inayopasuka juu ya meza inafurahisha. Lakini nani amekataliwa? Nani amefungua mlango? Nani alipika chakula cha wageni? Mtoto aliyeona piñata tu amepata peremende bila safari. Greccio haikuwa hivyo: watu walitembea usiku na mienge, na nyasi zilinukia.

Ya nne: mashini hizi hazidumu. Kampuni ya Google iliwapa walimu programu iitwayo Expeditions. Mwaka 2021 ikaifunga. Shule ikiweka kumbukumbu za watu ndani ya chombo cha mfanyabiashara, ufunguo uko kwa mfanyabiashara.

Basi, tuseme chombo kitupwe? Hapana. Tufikiri juu ya mtoto mgeni darasani, ambaye wazazi wake wametoka mbali. Siku ya somo lile, ama atakuwa mwalimu, ama atakuwa kitu cha kutazamwa. Wenzake wakichukua picha za nyumba yake kutoka ghala la kampuni, bila kumwuliza, wamemfanya kitu. Lakini yeye akileta sufuria ya mama yake, ao foto ya babu aliyekufa, na wenzake wakielekeza simu juu yake wasikie sauti ya nyanya akieleza habari zake, hapo chombo kimefanya kazi ya kweli. Kitu kinabaki mezani, kizito. Mashini imeongeza neno tu. Tena sauti ile ihifadhiwe pia nyumbani, si ndani ya programu tu.

Kisha simu ziwekwe kando. Watoto wa darasa moja waende mlangoni pa darasa jingine, wabishe, wakataliwe, wabishe tena, mpaka wafunguliwe. Kioo kimeonyesha njia. Miguu ndiyo inayofika. Mwalimu anayejua mpaka huo akitumie chombo hiki bila hofu. Asiyeujua, heri amwalike mzazi mmoja aje kusimulia, hata bila picha yo yote.